Maswali ninayoulizwa kila mara kuhusu kazi ya kutafiti makampuni ya kimataifa na sera za serikali

Wadau, nimeamua kuyaweka yote sehemu moja maana maswali ni yale yale, wanaouliza ni wanafunzi wa mwaka wa tatu, maafisa wa kodi, waandishi wa habari, mpaka mzazi mmoja aliyetaka kujua mwanae anasomea kitu gani hasa. Nafundisha Tanzania kwahiyo mifano mingi ni ya huku, ila Kenya nimeigusa sana kwa sababu mahakama zao zina kesi tamu kweli kwenye haya mambo.

Kwani hii ni kazi gani?

Ni kazi ya chuo kikuu kama nyingine, unafundisha, unasahihisha, unasimamia tasnifu za watu, ila utafiti wako unakaa pale ambapo kampuni yenye makao makuu nchi moja na shughuli zake nchi nyingine inakutana na serikali. Nani anaweka masharti, nani anayabadilisha, hela inapita mlango gani, na kwanini mkataba uleule mwaka huu unasifiwa bungeni halafu baada ya miaka kumi unaitwa wa kinyonyaji.

Wenzetu wa biashara wanaliangalia upande wa kampuni, wa uchumi wanaangalia uwekezaji na kodi, wa sheria wanaangalia mikataba na usuluhishi, wa siasa wanaangalia madaraka. Mtu mzuri kwenye hii fani anasoma vya wote wanne, na anakubali kwamba kwenye kila mkutano atakuwa mgeni kidogo.

Si uanaharakati tu huu?

Wengine wanaingia hivyo, na wengine wanaingia kutoka upande wa pili kabisa, wanaamini mwekezaji hakosei. Wote wawili nawaambia kitu kimoja: kama jibu unalo tayari kabla hujafungua faili, andika makala ya gazeti, usiandike PhD. Shida ya kuchagua adui mapema ni kwamba utaona ushahidi wake tu, na ule mwingine utaupita hata kama uko ukurasa huohuo. Nimesimamia vijana wa aina zote mbili na wanakwama sura ileile, sura ya matokeo, pale karatasi zinapokataa kusema walichotaka ziseme.

Haimaanishi usiwe na msimamo. Uwe nao, ila uje baada ya kusoma.

Imeanzia wapi hii fani? Supavaiza wangu anataja majina siyajui.

Majina matatu yatakufikisha mbali. Stephen Hymer, Mkanada, aliandika tasnifu yake MIT mwaka 1960 akiuliza swali la kitoto kabisa: kwanini kampuni ijisumbue kwenda kuendesha biashara nchi ya watu wakati wenyeji wanaijua nchi yao kuliko yeye? Jibu lake ni kwamba lazima kuna kitu inacho ambacho wenyeji hawana, na inataka kukishikilia yenyewe badala ya kukiuza. Chuo chake hakikuichapisha wakati ule, ikaja kutoka 1976, yeye alishafariki kwa ajali ya gari 1974.

Wa pili Raymond Vernon wa Harvard, huyu shika sana kama unataka kuelewa madini. Alisema kabla mwekezaji hajaleta hela yeye ndiye mwenye nguvu, serikali inambembeleza, inampa misamaha. Akishachimba shimo, akajenga mtambo, akazika mamilioni ya dola ardhini, nguvu inahama maana shimo halibebeki. Serikali inaanza kuangalia ule mkataba upya. Wa tatu John Dunning wa Reading kule Uingereza, aliyeunganisha mawazo ya wengi kuwa mambo matatu: kampuni ina nini, nchi ina nini, na kwanini isitoe leseni tu kwa mwenyeji.

Upande wa siasa za dunia, skendo ya kampuni ya simu ya Marekani, ITT, kuingilia siasa za Chile dhidi ya Rais Allende ndiyo iliyoamsha watu mwanzoni mwa miaka ya 70. Umoja wa Mataifa ukaanzisha kituo chake cha kufuatilia makampuni haya mwaka 1974, kikafutwa 1992 na kazi zake zikahamia UNCTAD, shirika la Umoja huohuo la biashara na maendeleo, ambao mpaka leo wanatoa ile ripoti ya uwekezaji duniani kila mwaka.

Na usidhani sisi tulikuwa tumekaa. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baada ya Azimio la Arusha na kutaifisha mabenki 1967 watu walikuwa wanabishana usiku kucha kuhusu makampuni haya haya, Walter Rodney yuko hapo anafundisha, Issa Shivji bado kijana, wanafunzi wana jarida lao la Cheche lililoanza 1969 na kupigwa marufuku 1970. Ukisoma mijadala ile utakuta maswali mengi tunayoyaita mapya yalishaulizwa pale, na swali lao kubwa, kwamba serikali kumiliki hisa si lazima iwe na usukani, ndilo hilo hilo tunalolitafiti leo kwenye hisa za asilimia 16.

Asilimia 16 ndiyo nini? Na makinikia uliyasoma vipi?

Hili ndilo swali namba moja, ngoja nilijibu kwa urefu maana ni darasa zima.

Machi 2017 serikali ilizuia kusafirisha makinikia, yaani mchanga wenye dhahabu, shaba na fedha kutoka Bulyanhulu na Buzwagi ambao ulikuwa unapelekwa nje kuyeyushwa. Makontena 277 yakakutwa bandarini Dar. Rais Magufuli akaunda kamati mbili, ya kwanza chini ya Profesa Abdulkarim Mruma, mjiolojia, ikakabidhi ripoti Mei 24, ya pili chini ya Profesa Nehemiah Osoro, mchumi, ikakabidhi Juni 12. Zikasema kilichomo ni kikubwa mno kuliko kilichotangazwa. Acacia, kampuni iliyokuwa inaendesha migodi hiyo, wakakana. Julai TRA, mamlaka yetu ya mapato, wakawapelekea madai ya kodi ya takriban dola bilioni 190, na hapo ukiangalia vizuri sehemu kubwa ni riba na adhabu, kodi yenyewe ilikuwa kama bilioni 40. Kwa kulinganisha tu, bilioni 190 ni zaidi ya mara tatu ya pato la taifa la Tanzania la mwaka ule.

Katikati ya hapo Bunge likapitisha fasta sheria mbili za rasilimali na maliasili, ya umiliki wa kudumu na ya kupitia upya mikataba yenye masharti hasi, na kubadilisha Sheria ya Madini: serikali ipate angalau asilimia 16 za hisa zisizofifishwa, yaani hata kampuni ikiongeza mtaji hisa za serikali hazipungui, na mrabaha wa dhahabu ukatoka asilimia 4 kwenda 6, juu yake ada ya ukaguzi asilimia 1. Mazungumzo yakaongozwa na Profesa Palamagamba Kabudi, mwanasheria wa chuo kikuu huyo, akiwa waziri. Mwisho wa siku Barrick wa Canada, kampuni mama ya Acacia, waliinunua Acacia yote Septemba 2019, na Januari 2020 mikataba ikasainiwa: kampuni ya pamoja ya Twiga Minerals, Barrick 84, serikali 16, faida za kiuchumi kugawana nusu kwa nusu, na dola milioni 300 za kumaliza madai.

Sasa mtu wa kawaida anauliza nani alishinda. Mtafiti anauliza vitu vingine. Kutoka bilioni 190 kufika milioni 300, ile namba ya kwanza ilikuwa na kazi gani mezani, dai la kweli au silaha ya mazungumzo? Nusu kwa nusu inahesabiwaje, kwa bei gani ya dhahabu, nani anakagua mahesabu? Asilimia 16 inaleta gawio lini kama kampuni inalipa kwanza madeni kwa kampuni mama? Na kwanini 2017 na si 2008, wakati kamati ya Jaji Bomani ilishasema mengi kuhusu mapato ya madini na ndiyo iliyotuletea sheria ya 2010?

Kisha kuna bili ambayo huwa haitajwi kwenye hii stori. Mabadiliko yale ya 2017 yalifuta pia leseni za kuhodhi maeneo, yaani kushikilia eneo lenye madini kabla ya kuanza kuchimba, na kampuni tatu ndogo zilizokuwa nazo zikaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa. Winshear tukamalizana nao 2023 kwa dola milioni 30. Indiana walishinda zaidi ya milioni 109 mwaka huohuo, tukaelewana 2024 kwa milioni 90. Montero 2024 milioni 27. Jumlisha: 147. Ni karibu nusu ya zile 300. Sisemi sera ilikuwa mbaya, mrabaha unaendelea kuingia kila mwaka na hilo lazima uliweke kwenye mizani, nasema ukiandika upande mmoja wa daftari tu hujafanya utafiti. Na fundisho la Vernon liko wazi hapo: mwenye mgodi mkubwa alibaki mezani kwa sababu shimo lake liko Kahama, wale waliokuwa na leseni ya karatasi hawakuwa na cha kupoteza wakaenda kushtaki.

Data natoa wapi? Makampuni hayasemi kitu.

Yanasema sana, ila si kwako na si Kiswahili. Nyingi ni ya bure na haisomwi kwa sababu inachosha.

Anza na ripoti ya mwaka ya kampuni mama. Ukiifungua usiangalie picha za mbele za watoto wenye madawati mapya, nenda nyuma kabisa, kwenye maelezo ya mahesabu, tafuta orodha ya kampuni tanzu na nchi zilikosajiliwa. Utashangaa kukuta kampuni ina mgodi au shamba nchi moja lakini ina tanzu tano kwenye visiwa ambavyo hakuna mgodi wala shamba. Tafuta pia ukurasa wa miamala kati ya ndugu, nani kamkopesha nani, kwa riba gani, nani anamlipa nani ada ya menejimenti. Makampuni ya Marekani yanaweka orodha ya tanzu kwenye kiambatisho namba 21 cha ripoti yao, iko bure kwenye EDGAR, mfumo wa mtandaoni wa msimamizi wa masoko ya hisa wa huko. Zilizosajiliwa Uingereza ziko Companies House, msajili wa makampuni wa huko, bure pia, unapakua mahesabu mpaka ya miaka ya nyuma.

Huku kwetu BRELA, msajili wa makampuni, utalipia kidogo kupata taarifa. TEITI, taasisi ya uwazi wa mapato ya madini, mafuta na gesi, ni hazina, maana wanalinganisha kampuni ilisema imelipa nini na serikali ilisema imepokea nini, ile tofauti tu ni tasnifu ya masters. Benki Kuu na NBS, ofisi ya takwimu, wana takwimu za uwekezaji, Kenya ofisi yao ni KNBS. Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, usizipite.

Halafu hukumu. Hapa ndipo vijana wanapochelewa kufika. Kesi inalazimisha pande zote zitoe karatasi ambazo kwenye intavyuu usingezipata hata ungekaa mwaka mzima mapokezi. Kwenye tovuti za TanzLII na Kenya Law unazisoma bure. Mfano ninaoutumia darasani ni kesi ya African Barrick Gold, ndiyo iliyokuja kuitwa Acacia, dhidi ya TRA. Kampuni imesajiliwa London, migodi iko Tanzania, inalipa gawio kwa wanahisa kuanzia 2010 mpaka 2013 wakati kampuni za migodi zinaonyesha hasara kwenye vitabu vya huku. TRA wakasema nyie ni wakazi wa Tanzania kikodi, leteni kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye gawio kabla halijamfikia mwanahisa, zaidi ya dola milioni 41. Likapita kwenye baraza la rufaa za kodi, likafika Mahakama ya Rufani, 2020 TRA wakashinda. Isome yote, hasa pale mahakama inapojadili kampuni inaendeshwa kutoka wapi. Yaani darasa la wiki tatu limo humo.

Nikilinganisha takwimu za forodha za nchi mbili nikakuta pengo, si ndiyo wizi wenyewe?

Pole pole. Pengo ni swali, bado si jibu. UNCTAD wenyewe 2016 walitoa ripoti iliyosema Afrika Kusini inapoteza mabilioni kupitia dhahabu, watu wakaja kuonyesha kwamba shida kubwa ilikuwa namna Afrika Kusini inavyorekodi dhahabu kwenye vitabu vyake, ripoti ikabidi irekebishwe mwaka huohuo. Na hao ni UNCTAD, wana wataalamu kibao. Kabla hujasema wizi uliza usafiri na bima vimehesabiwa upande gani, kama mzigo umepita nchi ya tatu, na kama namba ya forodha ya bidhaa ni ileile pande zote mbili. Ikibaki pengo baada ya hapo, sawa, andika.

Watu wa kampuni wanakubali kuhojiwa?

Waliostaafu wanakubali. Waliopo kazini wanakuletea mtu wa mahusiano, atakupa kalenda na chupa ya maji. Afisa wa serikali wa kati, yule anayeandaa faili kabla halijafika kwa mkubwa, ndiye mwenye stori, ila umheshimu, usimrekodi bila ruhusa na usimtaje. Nenda umeshasoma hukumu na mahesabu, usiende kuuliza mambo yaliyopo kwenye intaneti. Mtu akiona unajua mkataba ulisainiwa mwaka gani anakaa vizuri kwenye kiti anaanza kukurekebisha, na ukisharekebishwa umepata data.

Ukienda kijijini jirani na mgodi ndipo kuna adabu yake pia, salamu kwanza, mtendaji wa kijiji ajue, wazee wajue, na usiahidi kitu. Wameona watafiti wengi pale na wanajua ripoti hazirudi.

Vibali vipi?

Kenya kila mtu anahitaji leseni ya NACOSTI, tume yao ya sayansi, hata mwanafunzi. Tanzania wageni wanapita COSTECH, tume yetu ya sayansi, sisi wa vyuoni kwa kawaida barua inatoka kwa makamu mkuu wa chuo, halafu unaipeleka mkoani, mkoa unaandika kwa wilaya, wilaya inaandika kwa kata, na kila ngazi wana mhuri wao. Panga muda wa hiyo misafara. Zanzibar wana utaratibu wao, usidhani barua ya bara inatosha.

Watu wananiuliza pia kuhusu sheria ya takwimu. Marekebisho ya 2018 yalifanya kuchapisha takwimu zinazopinga za serikali kuwa kosa, yakalalamikiwa sana, 2019 kipengele hicho kikaondolewa. Hata hivyo nakushauri onyesha namba yako ulivyoipata hatua kwa hatua, hiyo inakulinda kuliko wakili.

Nisome degree gani?

Uchumi, sheria, uhasibu, sayansi ya siasa, biashara ya kimataifa, yoyote. Mimi nina upendeleo kwa mtu wa uhasibu aliyejifunza siasa baadaye, maana kumfundisha mtu wa siasa kusoma mahesabu ni shughuli. Lakini kozi moja ya kodi na kozi moja ya takwimu ni lazima, hakuna njia ya kuzunguka.

Ngazi za chuo zikoje na GPA?

Huku kwetu unaanza mkufunzi msaidizi, GPA 3.8 kwenye digrii ya kwanza, kisha mhadhiri msaidizi ukiwa na masters nzuri ya GPA 4.0, ukimaliza PhD mhadhiri, halafu mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Kupanda ni machapisho, na machapisho ni miaka. Ukikosa ile 3.8 hujafa, kuna taasisi za utafiti kama REPOA na ESRF hapa Dar, KIPPRA Nairobi, kuna kazi za mamlaka za kodi, watu wanaingia chuo baadaye na PhD yao.

Hela? Mshahara unaishi nao, hutajirika. Mwanafunzi wako wa kitengo cha kodi wa kampuni kubwa atakupita kwa gari ndani ya miaka michache, zoea mapema.

PhD nifanyie wapi, na nani analipa?

Inategemea unataka nini. Ukifanya Mlimani, Nairobi au Makerere unabaki karibu na faili na watu, ukienda nje unapata maktaba, muda na supavaiza aliyebobea. Kwa wachumi kuna AERC ya Nairobi, muungano wa utafiti wa uchumi Afrika, upo tangu 1988, ina programu ya pamoja ya vyuo vya Afrika na ruzuku za utafiti. Kituo cha kodi na maendeleo pale Sussex wanafadhili tafiti za kodi Afrika, DAAD ya Ujerumani na Commonwealth wana skolashipu zinazojulikana, CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi ya jamii Afrika lililoko Dakar, wanasaidia tasnifu. Usiombe kwa barua moja kwa wote. Na tafuta supavaiza kabla ya chuo, jina la chuo halitakusomea sura ya nne.

Kampuni imeniomba ushauri wa kulipwa, nikubali?

Swali gumu na watu wanalijibu kirahisi. Hela ya ushauri ndiyo inayosomesha watoto wa wahadhiri wengi, tusidanganyane. Ila fikiria hivi: umetafiti kodi za kampuni za simu miaka mitano, jina lako linaaminika, kampuni ya simu inakuita uandike ripoti "huru" ya mchango wake kwenye uchumi. Ripoti itapelekwa wizarani ikiwa na jina la chuo juu. Mimi naangalia vitu vitatu, nani anamiliki ripoti ikiisha, naweza kuchapisha matokeo wasiyoyapenda, na jina la mlipaji litaonekana ukurasa wa kwanza. Wakikataa kimoja naacha. Vilevile serikali ikilipa, na vilevile shirika la wanaharakati likilipa, maana hao nao wana jibu lao mfukoni.

Kuna mwenzangu aliandika ripoti ya aina hiyo, haikuwa mbaya hata kidogo, lakini miaka mingapi sasa kila akisimama kwenye semina mtu wa kwanza kunyoosha mkono anauliza nani alilipa.

Serikali zinasikiliza watafiti kweli?

Zikiwa na shida zinasikiliza. Kenya ni mfano mzuri. Unilever Kenya walikuwa wanamuuzia ndugu yao Unilever Uganda kwa bei ya chini kuliko wanavyowauzia wengine, KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, wakadai kodi, 2005 mahakama ikaipa kampuni ushindi ikitumia miongozo ya OECD, jumuiya ya nchi tajiri, kwa sababu Kenya haikuwa na kanuni zake za bei kati ya kampuni ndugu. Mwaka uliofuata kanuni zikatoka. Ghafla kila aliyewahi kuandika kuhusu namna ndugu wanavyouziana akaanza kutafutwa.

Au ule mkataba wa Kenya na Mauritius wa kuepuka kutoza kodi mara mbili, shirika la Tax Justice Network Africa wakaenda mahakamani, Machi 2019 ukafutwa, sababu ikiwa utaratibu wa kuufikisha bungeni haukufuatwa. Hoja za kiuchumi zilikuwa nyingi na nzuri, kilichouangusha ni utaratibu. Ndiyo maana nasema msome sheria.

Kwa upande wa Tanzania umeona mwenyewe hapo juu, mjiolojia, mchumi na mwanasheria wa vyuo vikuu ndio waliokuwa mbele kwenye makinikia. Wanafunzi wanaona hilo kama heshima tu. Mimi nawaambia pia angalieni muda waliopewa hao, wiki chache, wakati utafiti wa kawaida wa jambo hilo ungechukua miaka.

Lazima iwe madini?

Hapana jamani, na kwa kweli madini yamejaa. Kuna kodi ya mitandao: Kenya walianza asilimia 1.5 Januari 2021, mwisho wa 2024 wakaibadilisha kuwa kodi nyingine, Tanzania tukaweka asilimia 2 kuanzia Julai 2022. Kenya pia ilikuwa kati ya nchi chache zilizokataa kuingia yale makubaliano ya Oktoba 2021 ya kimataifa kwamba kodi ya makampuni makubwa isishuke chini ya asilimia 15, kwanini? Kuna Airtel na serikali, hisa za serikali kutoka asilimia 40 kwenda 49 mwaka 2019, nani ameilinganisha hiyo na Twiga kwa makini? Kuna bomba la mafuta la Hoima mpaka Tanga, kilomita 1,443, TotalEnergies asilimia 62, Uganda na Tanzania 15 kila mmoja kupitia mashirika yao, CNOOC ya China 8. Serikali mbili na kampuni mbili, moja ikiwa ya serikali nyingine, kitendawili kizuri hicho.

Na bandari. Bagamoyo ilikuwa China Merchants pamoja na mfuko wa serikali ya Oman, ikakwama 2019. Kisha DP World, makubaliano ya serikali kwa serikali na Dubai ya Oktoba 2022, Bunge likaridhia Juni 2023, mikataba ya miaka 30 ikasainiwa Oktoba. Nchi nzima ilisoma ibara za mkataba ule kwenye simu, kitu ambacho sijawahi kukiona. Wengi waliruka jambo moja, kwamba yale yalikuwa makubaliano mama na mikataba ya utekelezaji ni karatasi nyingine. Mtu atakayekaa chini akalinganisha ngazi hizo mbili atakuwa amefanya kazi ya maana.

Wachina je?

Wanatafitika kama wengine. Tenganisha mkandarasi aliyeshinda tenda, mwekezaji aliyeleta mtaji, na benki iliyokopesha, maana watu wanawachanganya wote wanaita "Mchina" na utafiti unafia hapo.

Niko na miaka 38, nafanya kazi ya kodi, nimechelewa?

Umewahi. Unajua faili linavyotembea, hicho hakifundishwi. Kitakachokusumbua ni masharti ya siri ya kazini, usichukue hata karatasi moja ya mlipakodi ukaja nayo kwenye tasnifu, ni kosa la sheria na pia utamuumiza mwenzako aliyebaki ofisini. Tumia ujuzi kujua cha kutafuta, halafu kitafute kwenye vyanzo vya wazi.

Nichapishe wapi? Napata barua pepe za majarida yanayoniita "profesa mheshimiwa".

Hizo futa. Jarida linalokubali makala ndani ya wiki na kutaka dola litakuharibia CV. Soma makala ulizozitumia kwenye marejeo yako zimetoka wapi, huko ndiko kwako. Halafu andika toleo fupi la Kiswahili, ukurasa mmoja au miwili, lipeleke kwa wale uliowahoji na kwa kamati ya Bunge inayohusika. Mbunge hatasoma kurasa 30 za Kiingereza zenye regresheni, ila kurasa mbili za Kiswahili zenye namba tatu zilizosimama atazibeba mpaka kwenye mjadala wa bajeti, na saa nyingine atasahau kukutaja.

Unaweza kusoma andiko langu la utafiti?

Msimamizi wako kwanza. Akishasoma, nitumie ukurasa mmoja tu: swali lako kwa sentensi moja, kampuni au sekta, sera gani na ya mwaka gani, na orodha ya karatasi ambazo tayari unazo mkononi. Kama orodha hiyo ni tupu, rudi kwenye swali la data hapo juu, chagua kampuni moja tu, pakua ripoti zake za miaka mitano mfululizo, anza na ukurasa wa kampuni tanzu uone mwaka gani jina jipya limeingia au la zamani limetoka, kisha angalia sheria gani ilibadilika mwaka huo. Ndipo uniandikie.